Pale Uliposimama

Thovalai,
19 Julai 1984

Mume wangu,

Hapana, sikubaliani nawe hata kidogo kwamba mwezi mmoja si kitu. Ulisema hivyo pale kituoni huku baba akinihimiza nipande basi, nikapanda. Lakini nimelifikiria njia nzima, na jibu langu ni hili: mwezi mmoja ni kitu kikubwa sana kwa mtu aliyeolewa juzi. Na sasa umeniletea na hii habari ya uhamisho!

Barua yako imenikuta barazani natunga asumini na mama. Baba ametusomea, nikairudia mwenyewe, nikaenda kuisoma tena jikoni. Yaani hao wakubwa zako wa minara ya taa hawakuona mtu mwingine wa kumpeleka kisiwa cha Minicoy isipokuwa wewe? Unaondoka Muttom tarehe nne Agosti ukapande meli Kochi, na mwezi wa Adi unaisha tarehe kumi na sita. Nyumba ya kukaa na mke haipatikani huko mpaka mwakani. Basi tukiifuata mila kama ilivyo, ule uso wako niliouona kituoni, umekunja ndita kwa jua, ndio huo huo mpaka mwakani. Siwezi, mume wangu. Naandika tena: siwezi.

Sababu zao nazijua. Mama kanieleza leo tena kana kwamba mimi mtoto: maharusi wapya wanatenganishwa Adi kwa sababu mimba ya Adi huzaliwa kwenye joto la mwezi wa Chithirai, mama ateseke na mtoto ateseke. Sawa. Mimi siombi mtoto, naomba kukuaga tu. Nikamwuliza, "Mama, kuagana nako kunatia mimba?" Akanichapa mkononi kwa fundo la maua. "Kwa macho yenu yale? Kunatia."

Tafadhali zungumza na mama yako. Akikubali yeye, baba yangu hatakuwa na neno.

Na asipokubali, nina wazo. Unakumbuka uliniahidi kunizungusha wilaya yote? Kasri la Padmanabhapuram, daraja la maji la Mathur, na kwingineko. Nimezaliwa humu humu na sijaona hata kimoja, sisi watu wa maua tunajua soko na mashamba tu. Ukanioa, zikaja zamu zako, nikaishia kuuona mnara wako wa taa. (Niliupenda! Ningeweza kuishi juu yake kama njiwa.) Basi fanya hivi. Wewe tangulia kwenda mahali fulani, unieleze ulisimama wapi. Siku zinazofuata nitakwenda mimi, nisimame papo hapo. Hatutaonana. Mila itakuwa salama. Lakini tutakuwa tumetembea pamoja, au siyo?

Mkeo anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika,
Senbagam

Bahasha kaandika baba, maana mila hainiruhusu kuandika jina lako mimi mkeo. Anasema hakujua kuoza binti ni kuajiriwa ukarani.


Muttom,
23 Julai 1984

Senbagam,

Barua yako imefika. Mama hajambo, nami sijambo. Mvua ni kidogo, upepo ni mwingi. Wasalimie baba na mama.

Nilizungumza na mama kama ulivyosema. Alikuwa anapepeta mchele. Alinijibu, "Mimi nilitenganishwa na baba yako, na bibi yako alitenganishwa na babu yako. Hao mabwana wa taa hawaijui kalenda yetu, lakini sisi tunaijua. Hakuna kuonana." Nikamwambia, "Mama, ni mwaka mzima." Akasema mchele wa safari hii una mawe mengi. Nikamwacha.

Alikuwa amepanga twende Kanyakumari siku ya mwezi kuandama nimwombee marehemu baba baharini. Aliposikia baba yako naye atakwenda huko kumwombea babu yako, akabadilisha. Nitaomba hapa hapa Muttom.

Wazo lako halivunji mila. Jumapili nilikuwa na mapumziko nikaenda kasri la Padmanabhapuram. Kuna ukumbi wa ngoma wenye nguzo za mawe. Nilisimama kwenye nguzo ya mwisho upande wa kulia, karibu na mlango. Juu yake kuna chumba chenye ubao wenye matundu, wake wa mfalme walikuwa wanatazama ngoma kutoka humo bila kuonekana. Panda ukatazame chini. Milango ni mifupi, inamisha kichwa.

Sivathanu


Thovalai,
27 Julai 1984

Mume wangu,

Sikuinamisha kichwa. Nina nundu juu ya nyusi ya kushoto, na ningependa ungekuwepo uipulize.

Lakini lo, kasri lenyewe! Kumbe vyote hivyo vilikuwa hapo na mimi nakua na kuolewa bila habari! Ile sakafu nyeusi inayong'aa hata unaona meno yako! Mtembezaji alituambia ilitengenezwa kwa mkaa wa vifuu na ute wa mayai. Baba akauliza, "Mayai yote hayo, na kiini nani alikula?" Baba aliendelea kulifikiria swali lake mpaka tunatoka. Tulipofika kwenye kitanda cha mfalme, kile cha miti ya dawa ya kila namna, nilitaka kukitazama vizuri. Baba akanishika mkono akanivuta. "Twende, mwanangu. Hicho hakituhusu mwezi huu."

Nilipanda kwenye kile chumba cha wake wa mfalme. Nikaweka jicho kwenye tundu, moyo unanienda mbio kana kwamba nitakukuta. Pale kwenye nguzo yako alikuwa amesimama bwana mmoja mnene anamenya chungwa. Nilimchukia mtoto wa watu bure! Nikangoja. Akamaliza, akapangusa mikono kwenye nguzo (nguzo yako!), akaondoka. Ndipo nikapatazama mahali patupu mpaka baba akaniita. Halafu nikashuka nikasimama hapo mwenyewe. Panapitisha upepo mzuri.

Sasa nikuambie neno ambalo limenikaa kooni. Barua yako nimeipindua huku na huku nikitafuta neno moja la mapenzi. Nimepata "upepo ni mwingi". Mume wangu, umeniandikia kama unajaza taarifa ya zamu. Mimi hapa nakuandikia moyo wangu mzima, wewe unanihesabia mvua. Au umeshaanza kuwa wa Minicoy? Au hukuona uchungu mama yako alipokataa? Uliandika "nikamwacha". Ulimwacha! Mimi ningelala mlangoni kwake.

Nisamehe. Nimeandika kwa hasira na sitafuta.

Mkeo yule yule,
Senbagam


Muttom,
30 Julai 1984

Senbagam,

Siku ya kituoni, ulipokuwa unapanda basi, baba yako aliniambia, "Ukiandika, andika mwandiko wa kusomeka, maana barua katika nyumba ile nasoma mimi." Nikaelewa kwamba barua zangu zitasomwa barazani, mbele ya mama yako na shangazi zako na wote wanaotunga maua. Ndiyo sababu.

Baba, kama ndiwe unayesoma kwa sauti, nakuomba uishie hapa.

Senbagam, kila ninaposafisha kioo cha taa nakuona umesimama upande wa pili na mdomo wazi, kama siku ile nilipokupandisha. Nikiwa zamu najua mwanga wetu haufiki Thovalai. Milima iko katikati, na hata hivyo taa imejengwa kwa ajili ya bahari, si kwa ajili ya wake za watu. Lakini kila inapozunguka upande wenu naacha nilichoshika mpaka ipite. Mwenzangu wa zamu ameanza kuniuliza kama nina tatizo la shingo. Mimi si hodari wa kuandika mambo haya. Usifikiri hayapo.

Mama simlazimishi kwa sababu nikiondoka atabaki peke yake, na sitaki tuachane kwa maneno.

Nina mapumziko ya mwisho Jumatano tarehe mosi. Nitakwenda Mathur. Mama anasema atakuja, hajawahi kuliona lile daraja. Mfereji wa maji umepitishwa juu ya nguzo, juu sana, kutoka mlima mpaka mlima, na watu wanapita kandokando yake. Nitasimama katikati kabisa, panapoonekana mto chini. Nyinyi nendeni Alhamisi.

Jumamosi asubuhi naondoka.

Sivathanu


Thovalai,
3 Agosti 1984

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Najua barua hii haitakuwahi Muttom. Itakufuata Kochi, na ikikukosa itapanda meli kama wewe. Lakini lazima niandike yote leo, na wewe ulikuwepo, najua, ila mimi nataka kuyashika mkononi.

Kwanza, baba aliishia pale pale ulipomwomba. Ni mama aliyesema, "Endelea, mzee, mbona umenyamaza?" Na shangazi. Basi wote wanajua habari ya shingo yako.

Jana ilikuwa siku ya kumi na nane ya Adi, sikukuu ya maji. Mama alituamsha mapema kupika wali wa ndimu, wali wa nazi na wa mtindi, tukafunga kwenye majani ya mgomba. Mama akabaki na maua ya soko, nikaenda na baba. Njia nzima nilikuwa na huzuni nzuri, ile ya kujua kwamba jana yake wewe ulipita hapo. Tukaingia darajani. Baba mbele, mimi nyuma, natazama miguu yangu kwa sababu ya kizunguzungu. Mara baba akasimama, nikamgonga mgongoni.

"Usitazame mbele," akasema.

Nani anayeambiwa hivyo asitazame? Na wewe ulikuwa unakuja kutoka ng'ambo, na shati lile la bluu, na mama yako nyuma yako na kapu! Niliona mkono wake ukipanda na ncha ya sari, akakufunika uso mzima kama anafunika chungu. Hapo mimi nami nikageuka nikaupa mlima uso wangu, maana mila ni mila, lakini miguu iligoma kurudi. Watu wakaanza kusongamana nyuma yetu. Mwanamke mmoja wa Kulasekharam akauliza, "Kuna nini huko mbele, nyoka?" Baba akamjibu, "Mkwe."

Halafu wazee wakaanza kupigiana kelele juu ya maji.

"Kaka Nainar! Mmefuata nini huku?"

"Dada, leo Alhamisi! Ninyi ni wa jana!"

"Nani anakwenda kutazama maji siku ya kumi na saba? Rudisha binti!"

"Nimrudishe wapi? Nyuma kuna watu kama soko! Rudi wewe!"

"Mimi na goti hili?"

Na wewe umesimama katikati yao na kitambaa cha mama yako kichwani! Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, hata sijui.

Uso wa mama yako wakati huo sikuuona. Mimi nilisikia tu akisema, kwa sauti ile ile ya ukali, "Hapa chini hakuna ardhi, juu hakuna paa. Mahali gani hapa? Si kwako, kaka, si kwangu. Watu wapite. Sisi tukale." Wakatuacha wawili pale katikati, kila mzee akasogea upande wake.

Baba amesema jana usiku kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu akila wali kwa muda mrefu vile. Yeye alimaliza wake upande wetu, akakunja jani, akaita, "Inatosha, dada!" Mama yako akaita kutoka upande wenu, "Wacha haraka, kaka, bado natafuna!" Baba akangoja, akaita tena. "Bado!" Punje moja moja, baba anasema. Na anatazama milima muda wote.

Sitaandika tulichoongea. Hicho si cha barazani. Nitaandika tu kwamba tulikuwa mbele ya macho ya watu wote na hukunigusa hata kidole, na bado nimeridhika, mume wangu. Ni bahati ya pekee. Fikiria, kama mngekwenda Jumatano kama ulivyopanga! Mungu mwenyewe alizichanganya zile siku.

Nenda salama. Uwashie watu taa.

Senbagam wako


Kochi,
5 Agosti 1984

Senbagam,

Meli inaondoka kesho asubuhi. Nimepata nafasi ya kulala kwenye jengo la idara, chakula si kibaya.

Kuna jambo sikukuambia pale darajani kwa sababu mama alikuwa anasikia kila kitu, hata kama hakuonekana kusikia. Hatukubadilisha siku kwa bahati. Nilikuwa nimemweleza mpango wetu wote, kwamba sisi tunakwenda Jumatano na nyinyi Alhamisi, ili ajue mila haivunjwi. Jumatano asubuhi nimeshavaa, akasema goti linamuuma, twende kesho. Sijawahi kumsikia mama akilalamikia goti. Jioni ile ile nilimwona anachota maji kisimani kama kawaida. Na wali wa kapuni ulikuwa umepikwa wa watu wengi.

Sikusema kitu. Nawe usiseme.

Aliponisindikiza kituoni alinikumbusha soksi na kamba ya kuanika nguo. Basi lilipoondoka hakupunga mkono, aligeuka tu akaenda. Hajawahi kukaa nyumba ile peke yake. Kabla ya wewe nilikuwepo mimi, na kabla yangu alikuwepo baba.

Darajani ulikuwa umevaa asumini kichwani zimeanguka nusu kwa upepo. Nitakumbuka hivyo.

Sivathanu


Muttom,
6 Agosti 1984

Senbagam binti Nainar,

Naandika mwenyewe, nilifika darasa la tano, usishangae makosa.

Ya Alhamisi yamepita. Lakini mwambie baba yako nimekasirika. Mkienda mahali siku ya kumi na nane mjue na watu wengine wana akili ya kwenda siku hiyo. Mngetuma habari. Nimeaibika mbele ya watu wa Kulasekharam, mwanangu kafunikwa uso kama mgonjwa. Na lile neno nililosema la ardhi na paa, lisirudiwe kwa majirani wenu. Nilisema kwa sababu ya njaa.

Mwanangu kaondoka Jumamosi. Hakulia, nami sikulia. Kulikuwa na vumbi kituoni.

Hapa hakuna jipya. Nimekosea kipimo cha mchele siku mbili, napika wa watu watatu. Nimewapa kuku, sasa kuku wananifuata kila niendako kama nimewaoa. Upepo unapiga ule mlango wa nyuma, mwanangu alikuwa anaufunga na kipande cha mti, sikijui alikiweka wapi. Mke wa mlinzi mpya wa taa alikuja kuniuliza kama nataka kulala kwao. Nilimwambia mimi si mtoto.

Ile sari yako ya kijani uliyoacha kambani nimeifua na kuikunja. Usije ukasema nimeiacha inyeshewe.

Mwezi ukiisha baba yako akulete kwa siku nzuri, na vitu vinavyotakiwa, nami nitakupokea ipasavyo. Kaa na mama yako. Ndiyo mila.

Isakkiyammal, mama wa Sivathanu


Thovalai,
9 Agosti 1984

Mama,

Shikamoo. Barua yako tumeisoma barazani, baba kaisoma yote kwa sauti mpaka kwenye kuku. Hapo akanipa nimalizie mwenyewe. Anasema anaomba radhi kwa kutotuma habari, na kwamba mwakani atapeleka mpiga mbiu wilaya nzima. Neno la ardhi na paa halijatoka nyumbani kwetu, ila mama yangu kalipenda sana na analirudia akiwa anapika.

Mwanao ameniandikia kutoka Kochi. Amefika salama, amekula, amelala. Soksi anazo.

Mama, tangu jana nina jambo nalizungusha kichwani, na leo asubuhi nimelisema mbele ya wazee wangu. Nilianza hivi: "Baba, Adi inamtenganisha nani na nani?" Akasema, "Mke na mume." Nikasema, "Mume wangu yuko juu ya bahari. Nikikaa hapa, nikikaa Muttom, nikikaa juu ya mti, nimetenganishwa naye. Sasa hapa nimekaa kumkimbia nani? Mama mkwe?"

Mama yangu akasema, "Bibi harusi harudi kabla ya mwezi kuisha, watu watasema tumemfukuza." Shangazi akasema, "Watasema anapenda ukweni kuliko kwao." Baba alikuwa anapima maua. Alimaliza kwanza. Kisha akasema, "Yule mama alikula wali kwa ajili yako mpaka nikadhani atajidhuru. Nenda. Watu nitawajibu mimi sokoni."

Basi, mama. Najua utakunja uso. Najua utaniambia kalenda. Lakini nimeona mwanao ameniandikia kwamba goti lilikusumbua juma lililopita, na mama yangu ana mafuta ya ufuta aliyoyachemsha na majani, yanakanda vizuri. Hiyo ni sababu ya kutosha kwa majirani zako, na kwa majirani zetu pia. Sisi wawili hatuhitaji sababu.

Mlango wa nyuma tutauwekea mti mwingine. Mchele usipunguze sana. Wa watu wawili, na mimi nikisafiri huwa na njaa. Nitaleta asumini za jioni, hizo zinakaa mpaka kesho yake. Na jioni utanipandisha kule mwambani chini ya mnara, unioneshe upande uliko Minicoy, maana mwanao kila nikimwuliza ananyoosha kidole baharini tu.

Vile vitu vinavyotakiwa baba atavileta kwa siku nzuri, mwezi mpya ukiingia, kwa heshima zote. Mimi natangulia mikono mitupu. Usinisubiri kituoni, njia naijua. Nakuja kwako, mama, kabla Adi haijaisha.

Binti yako,
Senbagam